Fomu ya ridhaa mara moja au kuuliza kila hatua?
Wanafunzi wengi wakitengeneza dokumentari wanampa mtu wanayemrekodi fomu asaini kwamba amekubali, siku ya kwanza basi wameshamaliza, na kweli ni haraka na mwalimu anaitaka hiyo karatasi, ila mtu anasaini kabla hata hajajua atasema nini mbele ya kamera. Kuuliza kila hatua kunachosha jamani, unarudi kwake na laptopu, unamwonyesha kile kipande alicholia, unakaa kimya unamwangalia usoni, akisema kitoe unakitoa hata kama ndo sini kali kuliko zote. Mi nachagua hii ya pili, hasa kwa watoto, maana mzazi anaweza kukubali na mtoto mwenyewe hataki. Fomu usiiache lakini, na humo andika mwisho wa kujitoa ni lini, yaani kabla filamu haijaonyeshwa popote.