Pakeji ya moyo kwa lebu moja hapa Kisumu: damu wanatoa poa, shida ni kusoma majibu

Nyota tatu kwa tano, na zote tatu ni za wale vijana wa huko nyuma wanaotoa damu. Jina la lebu silitaji juu bado tunavutana nao kuhusu pesa ya shemeji yangu, nitafika hapo. Iko huku mjini, ghorofa ya pili, na wanaitangaza sana hii kitu wanaita pakeji ya moyo: kolestro yote, sukari, ESR na hs-CRP (hivi viwili vya mwisho ni vya kuona kama mwilini kuna maambukizi ama uvimbe). Mimi nilienda juu mzee wangu moyo ulimwangusha kabla hajafika miaka 55, na LDL yangu (ile kolestro mbaya) ni 3.3, si ya kutisha si ya kusifu, daktari akawa hajui anianzishie dawa ama aniache kwanza, ndio akasema hebu tuone hs-CRP.

Kutoa damu hakuna neno. Unafunga usiku kwa ajili ya mafuta na sukari (hs-CRP yenyewe hata ukiwa umekunywa chai haisumbui), yule dada akapata mshipa mara moja, mikono miepesi kabisa, na jioni majibu yako kwa WhatsApp. Hapo wapewe maua yao.

Sasa hiyo hs-CRP watu wengi wanailipia hawajui wananunua nini. CRP ni protini inatengenezwa na ini, ikishapata ujumbe kupitia kemikali inaitwa interleukini-6 ya kwamba kuna mahali mwilini pana vita. Ile CRP ya kawaida ni ya kutafuta maambukizi, namba ndogo ndogo haizisomi vizuri. Ya hs ni protini ile ile tu ila kipimo ni kikali zaidi, na kwa mambo ya moyo hizo ndogo ndizo unataka: chini ya 1 mg kwa lita hatari iko chini, 1 mpaka 3 iko katikati, juu ya 3 iko juu. Wamarekani ndio walipanga hivyo 2003. Ikipita 10 achana na hesabu ya moyo kwanza, tafuta ugonjwa mwingine, urudie baada ya wiki mbili hivi. Kwa hivyo kabla hujatuma M-Pesa uliza pale dirishani, hii ni hs ama ni ya kawaida? Hawa wanayo ya hs kweli, niliiona kwa ripoti. Halafu angalia pia wameandika kwa lita ama kwa desilita, juu 0.26 ya desilita ni sawa na 2.6 ya lita, na mtu anaweza kufurahia bure.

Haya, shemeji. Alisikia nimeenda, naye akaenda. Alikuwa ametoka tu kumaliza dawa ya malaria, na kati ya kaunta mpaka kiti cha sindano hakuna mtu alimuuliza kama alikuwa mgonjwa. Kisumu hii! Mahali malaria haina msimu! CRP ikarudi 38, ripoti imepakwa nyekundu, imeandikwa hatari kubwa ya moyo, na jamaa wa kaunta anamwambia "mzee hii si ya kungoja, fanya eko ya moyo hapa hapa leo." Eko ni ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Mtu ameshtuka atafanya nini, akalipa. Eko ikatoka safi. Baadaye daktari wa kwetu akacheka kwa uchungu, akamwambia malaria hupandisha CRP vibaya sana, na homa ikiisha namba inashuka nusu kila kama saa 19, angoje tu apime tena. Akangoja, akapima kwingine, 1.4. Sasa ile pesa ya eko nani atairudisha? Tumeandika barua, wanasema "tutawapigia."

Hii kipimo ni kama mbwa kubweka usiku, unajua kuna kitu nje lakini hujui ni mwizi ama ni jirani amechelewa kurudi. Fizi mbovu zinaipandisha, kitambi, sigara, hata zile tembe za kupanga uzazi zenye estrogeni. Ndio maana sitaki mtu wa kaunta anisomee.

Lakini wale wanasema ni biashara tu sikubaliani nao. Kuna utafiti mkubwa ulitoka 2008, JUPITER, watu 17,802, LDL yao ilikuwa sawa ila hs-CRP ni 2 kwenda juu, na waliopewa rosuvastatini (statini, yaani dawa ya kushusha kolestro) walipata mambo ya moyo na kiharusi pungufu kwa asilimia 44 kuliko waliopewa tembe bandia. Halafu 2017 wengine wakajaribu dawa ya kutuliza hiyo vita ya mwilini bila kugusa kolestro kabisa, kanakinumabu, kwa watu moyo ulishawahi kuwashika, na matukio yakapungua kama asilimia 15, ingawa iliongeza vifo vya maambukizi, so hiyo haikufika kwa wagonjwa wa moyo wa kawaida. CRP yenyewe si mwizi kumbuka, watafiti wa jeni waliangalia hilo, inabweka tu.

Yangu ilikuwa 2.6, nikarudia baadaye ikakaa hapo hapo, daktari akachanganya na habari ya mzee akanianzishia statini. Kwa hiyo kazi yake ilifanya.

ESR sijui wameiweka ya nini, nadhani ni kujaza karatasi. Ukiwa na damu kidogo inapanda, ukizeeka inapanda, ukiwa na mimba inapanda. Waitoe na bei ishuke.

Mkienda, nendeni mapema, ikifika saa tatu ngazi imejaa wazee wa presha na lifti haiko.