Leseni ya mtu au leseni ya kompyuta: uzoefu wangu na Office na Tally katika ofisi ya Kampala

Ofisi ninayoitunzia kompyuta ina watu 14 na kompyuta 9. Sita kati yao wana laputopu na husafiri nazo, mara Mbarara, mara Jinja, mara Moroto. Wanane waliobaki hupokezana zamu kwenye kompyuta tatu za mapokezi na kaunta. Tunatumia Microsoft 365 Business Standard, inayolipiwa kwa kila mtu, pamoja na Office Home & Business 2024, inayonunuliwa mara moja kwa kompyuta moja. Wasafiri sita wana ile ya kwanza, kompyuta tatu za zamu zina ile ya pili, na kwa mpangilio huo nimeridhika kabisa.

Hesabu yenyewe ni hii. Kwa bei za Marekani za mwaka 2024, Business Standard ilikuwa dola 12.50 kwa mwezi kwa mtu mmoja ukijifunga mwaka mzima, na Office ya kompyuta moja ilikuwa dola 249.99. Kwa watu wanane wa zamu ungelipa dola 1,200 kila mwaka. Leseni tatu za kompyuta ni dola 750 mara moja tu, na toleo la 2024 litaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Oktoba 2029. Mtu mmoja kwenye kompyuta moja, malipo ya mwezi huipita bei ya leseni ya kompyuta baada ya miezi 20. Watu wakizidi mashine, tofauti haihitaji kikokotoo.

Kwa msafiri, mambo hugeuka. Leseni ya mtu mmoja inamruhusu kuweka programu kwenye kompyuta 5, tableti 5 na simu 5. Laputopu ikiibwa kwenye matatu, msimamizi anamtoa kwenye mashine hiyo kupitia ukurasa wa usimamizi, naye anaingia kwenye mashine nyingine siku hiyohiyo na kuendelea. Lakini programu hizo zinataka kuonana na intaneti walau mara moja kila siku 30. Siku zikipita, Word na Excel hufungua faili na kuzichapisha tu. Kuhariri na kuanzisha faili mpya hukataa. Kwa hiyo kabla ya mtu kwenda kukaa wiki nyingi mahali pasipo mtandao, afungue Word akiwa na bando na ahakikishe jina lake linaonekana kwenye sehemu ya akaunti.

Kosa ninalolikuta kila mara ni akaunti moja ya mapokezi kupewa watu wanane. Masharti yanasema leseni ni ya mtu mmoja, hilo peke yake linatosha kuacha. Halafu kuna balaa la kazi yenyewe: msimbo wa uthibitisho huenda kwenye simu moja, na mwenye simu akiwa nyumbani usiku, zamu nzima imekaa nje ya mfumo. Faili likiharibiwa, historia inaonyesha jina moja tu na huwezi kujua ni nani aliyeligusa. Wengine hudhani ule mpangilio wa kompyuta ya pamoja (shared computer activation), unaoruhusu watu kadhaa kuingia kwenye mashine moja kila mtu kwa akaunti yake, utawaokoa. Huo upo kwenye Business Premium na Apps for enterprise, haupo kwenye Standard, na bado kila anayeingia anahitaji leseni yake mwenyewe. Faida yake ni kwamba mashine hiyo haihesabiwi kati ya zile tano. Mtu wa zamu anayehitaji barua pepe ya kampuni, mpe Business Basic, ambayo kwa bei hizohizo ilikuwa dola 6 kwa mwezi, aitumie kwenye kivinjari.

Leseni ya kompyuta nayo ina mitego yake. Ukishaweka ufunguo (product key, ule msimbo unaopewa ukinunua) kwa mara ya kwanza, unafungwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyoingia nayo. Usikubali karani atumie barua pepe yake binafsi, maana akiacha kazi anaondoka na leseni. Tumia akaunti ya Microsoft inayoshikwa na kampuni yenyewe, kisha andika kwenye daftari ni mashine ipi ina ufunguo upi. Ukisahau, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, ingia folda ya Office16, na uandike cscript ospp.vbs /dstatus. Utaonyeshwa herufi tano za mwisho za ufunguo. Leseni iliyonunuliwa peke yake inahamishika kwenda kompyuta yako nyingine, si zaidi ya mara moja kila siku 90 isipokuwa mashine imeharibika. Iliyokuja ndani ya kompyuta mpya hufa na kompyuta hiyo. Umeme wetu ukirudi kwa kishindo na kuunguza madabodi, tofauti hiyo ndiyo pesa. Kwa Windows, amri slmgr /dli itakuonyesha kama ni OEM (iliyokuja na kompyuta), RETAIL (iliyonunuliwa peke yake) au VOLUME (ya taasisi).

Ukiuziwa "leseni ya maisha" ya Windows kwa bei ya soda, andika slmgr /xpr kabla hujalipa. Ikitokea tarehe ya mwisho iliyo ndani ya siku 180, hiyo ni leseni ya taasisi kubwa inayohuishwa na seva yao, wala si yako.

Kwenye Windows Server kanuni ni ileile ila wengi huisahau: kwa matoleo ya Standard na Datacenter leseni ya seva haitoshi, lazima ununue na CAL (leseni ya kuingia kwenye seva), ya mtu au ya kifaa. Kaunta yetu ina CAL za kifaa. Meneja anayeingia kwa laputopu, simu na kompyuta ya nyumbani angehitaji tatu za kifaa, kwa hiyo ana moja ya mtumiaji.

TallyPrime, programu yetu ya uhasibu, hutumia kipimo kingine. Silver ni ya kompyuta moja, Gold inaruhusu idadi yoyote ya watumiaji kwenye mtandao mmoja wa ofisi. Mhasibu akiwa mmoja, Silver inatosha. Wakifika wawili wanaoingiza hati kwa wakati mmoja, nenda Gold. Fundi asifute diski kabla hujarudisha leseni: F1, Settings, License, Surrender. Ikishafutwa, itabidi uingie kwenye tovuti yao kwa barua pepe ya msimamizi wa leseni na kuiweka upya, na kama anwani hiyo ni ya mhasibu aliyeondoka, mtasubiri.

Mwisho, ankara. Dai ya EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA (mamlaka ya mapato ya Uganda), yenye TIN ya kampuni, la sivyo mhasibu hana cha kuonyesha URA anapodai ile VAT ya 18%. Na mwambie muuzaji aandike humo idadi na aina ya leseni, mtu au kifaa, si neno "software" peke yake.