Mipira ya matone shambani kwangu: inalipa, ila si pale wanapokwambia

Jamani inboksi imejaa kila mtu anauliza mipira ya matone, ile ya vitundu inayodondoshea kila mche maji, inalipa au hailipi, basi naandika hapa mara moja. Mimi nalima tikiti na mapapai kusini Unguja, shamba la maweni, maji ya kisima.

Inalipa. Lakini muuzaji anakuimbia maji tu, utaokoa maji utaokoa maji, wakati pesa yangu mimi ilikuwa inakwenda kwa vibarua na mbolea. Ukimwagilia kwa keni unalipa watu asubuhi na jioni, na mbolea wanatupia kwa kiganja, mche huu majani yanaungua ule haujapata kitu, na udongo wetu wenyewe kiduchu juu ya jiwe, ukizidisha maji yurea yote ishazama chini. Sasa naikoroga kwenye ndoo, venchuri, kile kidude cha kufyonzea mbolea kwenye bomba, inaivuta yenyewe, miche inapata kidogo kidogo na kijana mmoja anatosha.

Kilichoniudhi ni seti yenyewe niliyouziwa dukani. Wameandika tangi liwekwe juu mita 2 tu, sasa presha ya ba moja (ba ndio kipimo cha presha) inataka mita 10 za kwenda juu, kwa mita 2 maji yanatoka ndio lakini venchuri haivuti hata tone, ikabidi pampu, na pampu inakunywa mafuta, na hayo dukani hakuna aliyeyataja. Tena piga hesabu kabla hujalipa: mpira wa mita 100 wenye tundu kila sentimita 30 una matundu 333 hivi, tundu likitoa lita 1 kwa saa basi tangi la lita 1,000 ni mipira mitatu tu kwa saa moja, kwisha.

Mbolea za kuyeyuka ghali, wallahi. Mimi naitrojeni natoa kwenye yurea, fosfeti naweka kwa mkono wakati wa kupanda, potasiamu naitreti nanunua tunda likishaanza kujaa. Na kalsiamu naitreti usiichanganye ndoo moja na fosfeti wala salfeti, inaganda kama mtindi na matundu yote yanaziba. Maji yetu yenyewe yana chokaa, ukifungua ncha ya mpira unaona unga mweupe, kwa hiyo kila wiki naachia maji yakimbie.

Kama unalenga tikiti za Ramadhani, nunua. Miembe ya zamani, usijisumbue. Mfumo nyota 5, seti nyota 2, na filta kanunue mbali na seti, ile iliyomo ndani ni pambo.