Mizani ya marais: tathmini ya kura ya wanahistoria ya C-SPAN

Kituo cha televisheni cha C-SPAN, kinachojulikana zaidi kwa kurusha vikao vya Bunge la Marekani mwanzo hadi mwisho bila mchambuzi kuingilia kati, kina huduma nyingine isiyotajwa sana nje ya nchi hiyo, nayo ni kura ya wanahistoria kuhusu uongozi wa marais. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2000, yakafuata ya 2009, 2017 na 2021, na matokeo yake yako kwenye tovuti ya kituo bila malipo. Ninaipitia hapa kama ambavyo ningepitia chombo chochote cha kazi, nikiuliza kinapima nini, kinapima kwa usahihi gani, na anayekitumia anaweza kupotoshwa wapi. Hukumu yangu naitoa mapema: jedwali la nafasi za jumla, ambalo ndilo linalokimbiliwa na vyombo vya habari, ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote, ilhali safu 10 za alama zilizo chini yake ni hazina kwa yeyote anayetaka kuelewa mitindo ya uongozi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi kuufuata. Kila mshiriki humpa kila rais alama kuanzia 1 hadi 10 katika vigezo 10: uwezo wa kuushawishi umma, uongozi wakati wa misukosuko, usimamizi wa uchumi, mamlaka ya kimaadili, uhusiano wa kimataifa, ustadi wa kuendesha serikali, uhusiano na Bunge, dira na upangaji wa ajenda, kupigania haki sawa kwa wote, na utendaji kwa kuzingatia mazingira ya zama zake. Wastani wa kila kigezo hugeuzwa kuwa alama kati ya 100, kisha vyote hujumlishwa kwa uzito ulio sawa, hivyo kilele ni alama 1,000. Toleo la 2021 lilikuwa na washiriki 142, kutoka 91 wa mwaka 2017, na waandaaji walieleza kwamba walikusudia kupanua wigo wa rangi, jinsia, umri na mtazamo. Majina ya washiriki yanachapishwa, jambo ambalo ninalithamini sana, kwa kuwa msomaji anaweza kujua ni nani waliokaa kwenye kiti cha hakimu. Waliopimwa ni watu 44, ingawa Donald Trump aliyekuwa ametoka madarakani alihesabiwa rais wa 45, kwa sababu Grover Cleveland aliongoza vipindi viwili visivyofuatana na hapa anahesabiwa mara moja.

Kileleni yupo Abraham Lincoln kwa alama 897, akifuatiwa na George Washington kwa 851, Franklin D. Roosevelt kwa 841, Theodore Roosevelt kwa 785 na Dwight Eisenhower kwa 734. Mkiani yupo James Buchanan kwa alama 227, nyuma kidogo ya Andrew Johnson mwenye 230. Lincoln na Buchanan wameshikilia ncha hizo mbili katika matoleo yote 4, na hapo sina shaka na mizani hii, kwa sababu watu hao wawili walikabiliwa na mtihani mmoja. Buchanan aliamini kwamba majimbo hayakuwa na haki ya kujitenga, lakini akaamini pia kwamba serikali ya shirikisho haikuwa na mamlaka ya kuyazuia, akakaa katikati ya imani hizo mbili hadi alipomkabidhi mrithi wake nchi mwezi Machi 1861, majimbo 7 yakiwa yameshatangaza kujitenga. Lincoln aliwaingiza wapinzani wake wa uchaguzi, akina William Seward, Salmon Chase na Edward Bates, kwenye baraza lake la mawaziri, akawasikiliza, akawavumilia, kisha akaamua mwenyewe. Ni mara chache historia huwaweka viongozi wawili mbele ya tatizo lilelile kwa mfuatano ulio wazi hivyo.

Hata hivyo, utamu wa huduma hii unaanza pale msomaji anapoacha orodha ya jumla na kuingia kwenye safu. Chukua Lyndon Johnson, aliyeshika nafasi ya 11 mwaka 2021. Nafasi hiyo haimwelezi mtu yeyote aliyewahi kuishi, bali ni wastani wa watu wawili waliokaa katika mwili mmoja. Katika uhusiano na Bunge na katika haki sawa yumo mstari wa mbele kabisa, kwa kuwa aliwahi kuongoza Seneti, alijua kila seneta anataka nini na anaogopa nini, na kwa simu zisizokoma na kwa kumsogelea mtu mpaka akose pa kurudi nyuma, alisukuma Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Katika uhusiano wa kimataifa anaporomoka vibaya, na sababu ni Vietnam. Ukizitazama safu hizo pamoja unaona jambo ambalo nafasi ya 11 haiwezi kukuambia: mtindo wa kukubaliana faraghani na kuuficha umma gharama halisi ulifaa ndani ya Seneti, ukawa sumu katika vita vilivyohitaji wananchi waambiwe ukweli. Richard Nixon ana picha inayofanana, kwani ziara yake ya China ya Februari 1972 inambeba katika mambo ya nje, huku mamlaka ya kimaadili yakimweka karibu na mkia kwa sababu ya kashfa iliyomfanya ajiuzulu tarehe 9 Agosti 1974.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Eisenhower, kwa sababu unaonyesha jinsi mtindo wa uongozi unavyoweza kusomwa vibaya kwa miaka mingi na watu wenye elimu kubwa. Katika kura iliyoandaliwa mwaka 1962 na mwanahistoria Arthur Schlesinger, iliyoshirikisha wataalamu 75, Eisenhower aliwekwa nafasi ya 22 kati ya marais 31. Alionekana mzee mpole apendaye gofu, aliyewaachia wasaidizi wake kazi, na ambaye majibu yake kwa waandishi wa habari yalikuwa ya kuzungukazunguka. Baada ya nyaraka zake zilizohifadhiwa Abilene, Kansas, kuanza kufunguliwa kwa watafiti, ilidhihirika kwamba mzunguko ule wa maneno mara nyingi ulikuwa wa makusudi, kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiongoza vikao na kuhariri hotuba, na kwamba alipendelea kumtanguliza waziri wake wa mambo ya nje, John Foster Dulles, apigwe mawe hadharani ilhali maamuzi yalikuwa ya rais. C-SPAN ilimweka nafasi ya 9 mwaka 2000, ya 8 mwaka 2009, na ya 5 katika matoleo mawili yaliyofuata. Matendo yake hayakubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni ushahidi uliokuwa mezani. Uongozi wa kelele huonekana siku ileile, na uongozi wa kimya husubiri makabati yafunguliwe, jambo linalonifanya nisiamini kwa haraka alama ya ustadi wa utawala ya rais yeyote ambaye nyaraka zake bado zimefungwa.

Harry Truman ni ndugu yake katika jambo hili, ingawa tabia zao zilikuwa mbalimbali kabisa. Truman aliamua mambo kwa uwazi na kwa ukali: aliamuru kukomeshwa kwa ubaguzi katika majeshi mwaka 1948, na mwezi Aprili 1951 alimfukuza Jenerali Douglas MacArthur aliyekuwa akipendwa na umma. Mwanzoni mwa 1952 kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kwamba asilimia 22 tu ya Wamarekani waliridhika na kazi yake. Wanahistoria wa C-SPAN hawajawahi kumtoa kwenye 6 bora.

Kwa kuwa kura hii imerudiwa kwa vigezo vilevile, inaturuhusu pia kuwatazama mahakimu wenyewe wakibadilika, na hapa ndipo ninapoiona kuwa bora kuliko kura za zamani zilizofanyika mara moja zikaachwa. Ulysses Grant alikuwa wa 33 mwaka 2000, akapanda hadi 23, kisha 22, na mwaka 2021 akafika nafasi ya 20. Kwa vizazi kadhaa alifundishwa kama askari hodari aliyezungukwa na wala rushwa, na kashfa za utawala wake ni za kweli. Lakini ni Grant huyohuyo aliyetumia sheria za shirikisho, pamoja na Wizara ya Sheria iliyoundwa mwaka 1870, kuwashtaki wanachama wa Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu wabaguzi, waliokuwa wakiwatisha na kuwaua Wamarekani weusi Kusini, na wanahistoria wa leo wanalipa jambo hilo uzito ambao waliowatangulia walilinyima. Woodrow Wilson amekwenda njia ya kushuka, kutoka nafasi ya 6 hadi 9, 11 na 13, huku utengano wa rangi ulioruhusiwa katika ofisi za shirikisho chini yake ukikumbukwa pamoja na ndoto zake za amani ya dunia. Andrew Jackson ameshuka kutoka 13 hadi 22, na si vigumu kuona kwamba sheria ya 1830 ya kuwahamisha wenyeji wa asili, pamoja na vifo vilivyofuata njiani, haivumiliki tena kama tanbihi. Wako wanaolalamika kwamba huku ni kuwahukumu wafu kwa maadili ya leo. Mimi naona kwamba waliofukuzwa kwenye ardhi yao na waliofungiwa milango ya ofisi walijua wakati uleule kwamba wanadhulumiwa. Kilichochelewa ni sauti yao kufika kwenye mizani.

Sasa nije kwenye kasoro, ambazo si ndogo. Ya kwanza ni kwamba nafasi hufanya tofauti ndogo zionekane kubwa. Thomas Jefferson ana alama 704 na John F. Kennedy ana 699, na pengo hilo la alama 5 kati ya 1,000 huwapa mmoja nafasi ya 7 na mwingine ya 8, wakati kati ya Washington na Lincoln kuna alama 46 ambazo nazo huhesabiwa kuwa hatua moja. Kinachoonyeshwa ni wastani, nao hauonyeshi ni kwa kiasi gani mahakimu walitofautiana. Rais aliyepewa alama 5 na kila mtu, na rais ambaye nusu ya mahakimu walimpa 9 na nusu nyingine wakampa 1, wanatoka sawa, ingawa wa pili ndiye ambaye msomaji angetaka kumsoma zaidi.

Ya pili ni uzito ulio sawa wa vigezo vyote. Franklin Roosevelt aliliongoza taifa katika Mdororo Mkuu wa uchumi na katika vita vya dunia, na ufasaha wake redioni ulikuwa chombo cha utawala kama ilivyokuwa sheria. Lakini Februari 1942 alitia saini amri iliyowezesha watu takribani 120,000 wenye asili ya Japani, wengi wao raia, kuondolewa makwao na kufungiwa kambini. Katika mfumo huu dhuluma hiyo inaguswa zaidi katika safu moja ya haki sawa, kisha inamezwa na safu nyingine 9. Sidai kwamba Roosevelt aondolewe nafasi ya 3. Nadai kwamba hesabu ya namna hii haina mahali pa kuonyesha kosa la aina hiyo kwa ukubwa wake.

Ya tatu ni kwamba vigezo kadhaa vinawapendelea waliopata bahati mbaya. Bila vita au mporomoko wa uchumi, safu ya misukosuko inabaki na kidogo cha kupima, na rais aliyeizuia vita isianze hana cha kuonyesha mfano wa aliyeishinda. William Henry Harrison, aliyefariki Aprili 1841 baada ya siku 31 madarakani, anapewa alama katika vigezo vyote na kuwekwa nafasi ya 40. Hakuna mtu anayeweza kujua alivyousimamia uchumi, na safu zake zilipaswa kuachwa wazi.

Kuhusu marais wa karibuni, nashauri tahadhari kubwa zaidi. Mwaka 2021, miezi michache tu baada ya kuondoka madarakani, Trump aliwekwa wa 41, akilingana kwa alama 312 na Franklin Pierce aliyemfuata, akiwa wa mwisho katika mamlaka ya kimaadili na ustadi wa utawala, na akifanya vizuri kidogo katika kuushawishi umma. Wafuasi wake waliona humo upendeleo wa wasomi, na wapinzani wake waliona uthibitisho. Historia ya Eisenhower na Truman inatufundisha kuiandika alama hiyo kwa penseli, kama ile ya Barack Obama aliyeingia nafasi ya 12 mwaka 2017 na kupanda hadi ya 10.

Mshindani wa huduma hii ni kura ya Chuo cha Siena, iliyoanza mwaka 1982, yenye vigezo 20, ikiwemo akili, uwezo wa kuafikiana na hata bahati. Kutaja bahati waziwazi ni uungwana ambao C-SPAN ingefaa kuuiga. Kwa mwalimu au mwanafunzi bado ningeitanguliza C-SPAN, kwa sababu safu zake ni chache na matoleo yake ni rahisi kulinganisha, na ningempa kazi ya kuanza na safu za rais mmoja kabla hajaiona nafasi yake. Naipa nyota 4 kati ya 5. Nyota ya 5 ningeitoa siku waandaaji watakapochapisha mtawanyiko wa alama za mahakimu na kumruhusu msomaji apange uzito wa vigezo mwenyewe, ili anayeamini kwamba haki sawa inazidi uchumi kwa mara mbili aone Jackson, Grant na Lyndon Johnson wanasogea hadi wapi.