Nililipa ada ya darasa la takwimu, nikaenda kumtuhumu mzee wa watu

Mimi nina duka la nafaka Manzese, na kilichonipeleka kwenye darasa la jioni la takwimu huko Sinza ni mifuko ya mchele. Kwa muda mrefu nilikuwa na shaka kwamba mifuko ya kilo 25 ninayoichukua Tandale, kwa mzee ambaye nimenunua kwake miaka mingi, haitimii uzito. Nikalipa ada, nikawa nafunga duka mapema siku mbili kwa wiki, nikakaa pamoja na vijana wa vyuo waliokuja kwa ajili ya tafiti zao. Kuhusu viti, feni na projekta sisemi kitu. Anayetaka kuviona atapanda ngazi ajionee.

Wiki ya tatu, kama sikosei, tulifika kwenye kupima nadharia tete, yaani dai unaloliweka mezani ili ulipime kwa takwimu. Mkufunzi aliandika ubaoni kwamba unaanza na nadharia tete inayosema hakuna tofauti, unapiga hesabu, kisha namba inayotoka, waiitayo thamani ya p, ikiwa chini ya 0.05 unaikataa nadharia hiyo, ikizidi huikatai. Nilipouliza kwa nini iwe 0.05 na isiwe 0.04 wala 0.1, alijibu, "Kariri hivyo hivyo, mtihani hauulizi kwa nini," na darasa likacheka. Jibu la kweli lipo na ni fupi: ni mazoea, yaliyopata nguvu tangu miaka ya 1920, mwanatakwimu Mwingereza Ronald Fisher alipoona kwamba moja kwa ishirini, yaani 0.05, ni mpaka unaofaa kutumika. Kusema hivyo kungemchukua nusu dakika.

Hata hivyo hilo nililisamehe. Kipindi kilichofuata nilikuja na daftari langu, nimepima mifuko kumi: mzito kuliko yote ulikuwa kilo 25.1, mwepesi kuliko yote kilo 24.6, na wastani wake kilo 24.87. Tulitumia jaribio la t, hesabu ya kupima kama wastani wa vitu vichache uko mbali na namba inayotarajiwa, ambalo kwa haki lilinifaa kabisa, kwa kuwa aliyelitoa mwaka 1908, William Gosset, alikuwa mtu wa kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, naye shida yake ilikuwa kama yangu, sampuli ndogo. Thamani ya p ikatoka 0.022. Nikauliza, "Mwalimu, kwa hiyo uwezekano kwamba mifuko hii imetimia ni asilimia 2 tu?" Akajibu huku macho yake yako kwenye simu, "Ndiyo mama, asilimia 98 unaibiwa."

Asubuhi yake nilikuwa Tandale. Nilimwamkia yule mzee, lakini shikamoo yenyewe ilitoka nusu, kisha mbele ya makuli wake nikamweleza habari ya asilimia 98. Aliitikia marahaba, akanyamaza kidogo, akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, hiyo mizani yako imepimwa na nani?"

Niliporudi dukani niliazima jiwe la kilo 20 kwa jirani, nikaliweka juu ya mizani yangu. Ikasoma 19.9. Nikaongeza gramu 100 kwa kila mfuko, nikarudia hesabu yote, na wastani ukawa kilo 24.97, thamani ya p ikapanda hadi karibu 0.54. Najua sasa kwamba namba hiyo nayo haithibitishi kuwa mifuko imetimia, inasema tu kwamba sina ushahidi wa kumshika mtu, lakini jambo hilo pia sikuambiwa na mkufunzi.

Kosa la mizani ni langu na silimbebeshi mtu. Ila niliporudi darasani kumweleza yaliyonikuta, nikitaraji walau awaonye wenzangu, alinitazama toka kichwani hadi miguuni akasema, "Mama, hapa tunafundisha watafiti, hatufundishi wauza mchele." Nimeuza mchele, nimesomesha watoto kwa mchele, na ada aliyoipokea bila kuuliza imetoka kwenye mchele huo huo. Nilitaka kuondoka siku ile ile, nao wastahili nyota moja, na hiyo moja ni ya mlinzi wa getini.

Nilibaki kwa sababu ya kijana msaidizi wake, ambaye alinifuata kwenye ngazi akaniomba tukanywe chai. Pale kwa mama ntilie alinisimulia habari ya Muriel Bristol wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, aliyedai kwamba akionja chai anajua kama maziwa yametangulia kikombeni au yamefuata. Kijana akapanga vizibo vinane vya soda mezani. Vinne maziwa kwanza, vinne chai kwanza. Njia za kuchagua vinne kati ya vinane ni 70, kwa hiyo mtu anayebahatisha atapatia vyote mara moja tu kwa 70, yaani kama 0.014. "Sasa dada," akaniambia, "hii 0.014 haisemi uwezekano kwamba mama yule anabahatisha. Inasema, tukichukulia kwamba anabahatisha, ni nadra kiasi gani kuona akipatia vyote." Nikaelewa hapo hapo, na 0.022 yangu nikaiona upya: tukichukulia kwamba mifuko imetimia na mizani haidanganyi, ni nadra kiasi hicho kupata upungufu kama ule au tofauti kubwa zaidi. Mzee wa Tandale hakuwamo kabisa katika namba ile.

Kwa ajili ya vizibo vile ningewapa nyota nne, na nikiandika hapa natamani kusema nendeni. Lakini kijana yule halipwi kufundisha, analipwa kufungua projekta na kugawa karatasi za mahudhurio, na anayesimama ubaoni bado ni yule yule, na huenda jioni hii kuna mtu anaambiwa asilimia 98. Basi nyota mbili, zote za kijana. Kwa mzee nilikwenda Ijumaa moja na kilo mbili za sukari, akazipokea, tunaendelea. Cheti chao wamenipigia simu mara tatu nikakichukue, sijakwenda.