turtle ya Python: mti wa fraktali kwa mistari tisa

Ukitaka wanafunzi waone kwa nini tawi hufanana na mti mzima (ndiyo fraktali: umbo ambalo sehemu yake hufanana na umbo zima), moduli ya turtle ya lugha ya Python, yaani kasa anayechora kwenye skrini, inatosha, tena ni ya bure. Kwenye Windows huja pamoja na Python yenyewe, kwa hiyo ukishaisakinisha, maabara isiyo na intaneti haikwami. Kwenye Ubuntu huenda ukahitaji kwanza amri `sudo apt install python3-tk`. Ifanye siku moja kabla ya kipindi.

```
def tawi(u):
    if u < 5: return
    forward(u)
    left(25)
    tawi(u*0.7)
    right(50)
    tawi(u*0.7)
    left(25)
    backward(u)
```

Tanguliza `from turtle import *`, kisha malizia kwa `setheading(90)`, `tawi(100)` na `done()`. Utapata ngazi 9 na matawi 511. Ukishusha kikomo kutoka 5 hadi 2, yanafika 2,047, na kalamu inachosha kwa upole wake. Dawa ni `tracer(0)` mwanzoni na `update()` kabla ya `done()`. Lakini mara ya kwanza iache polepole: kumwona kasa akirudi kwenye shina ndiko kunakoeleza kila kitu.

Makosa hujirudia. Wengi husahau `backward(u)`. Tawi la kulia huanzia kwenye ncha ya tawi la kushoto na mchoro unavurugika. Wakiacha mstari wa `if`, kalamu hujikunja kushoto, huganda mahali pamoja, kisha inakuja RecursionError, kosa la `tawi` kujiita mara nyingi kupita kiasi. Na faili likiitwa turtle.py, Python husoma faili hilo badala ya moduli.

Udhaifu wake ni kwamba mti hutoka linganifu kupita kiasi. Wape wanafunzi rula na tawi halisi la mwarobaini: wapime kila tawi na vitawi vyake, wagawanye urefu wa kitawi kwa urefu wa tawi, na wastani wao uchukue nafasi ya 0.7. Pembe zitoke kwa `randint(15, 35)` (tanguliza `from random import randint`), zihifadhiwe kama a na b: `left(a)`, `right(a+b)`, `left(b)`. Bila kuzihifadhi, kasa hapati njia ya kurudi. Unene ni `pensize(u/10)` kabla ya `forward`.

Kwa jani la kangaga la Barnsley, fraktali nyingine yenye makumi ya maelfu ya nukta, tumia matplotlib, maktaba ya Python ya kuchora grafu. Turtle itachelewa mno.