Mtafsiri kamharibia Lisa jina mbele ya bibi yangu

Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe.

Juzi kati nilienda kwenye kibanda kimoja cha kuwekea muvi kwenye flashi, nikaomba Coming to America iliyotafsiriwa, maana bibi yuko kwangu na Kiingereza hakipandi. Ile ya 1988, Eddie Murphy akiwa Akeem, mwana wa mfalme wa Zamunda anayekwenda Queens, New York, kujifanya kapuku ili apate mke atakayempenda yeye, si taji.

Mwanzo bibi alifurahi mno. Akeem anamwagiwa maua kila anapokanyaga, bibi anapiga makofi. Tukafika mgahawani. Akeem anapiga deki, Lisa, binti wa mwenye mgahawa ambaye Akeem anampenda, anamsemesha kama mfanyakazi yeyote, na mtafsiri anamtia maneno mdomoni: "Pole na kazi, mwana wa mfalme."

Jamani! Lisa hajui! Utamu wote uko hapo. Asipojua, kumpenda mpiga deki ni mapenzi. Akijua, anavizia ikulu. Bibi akaguna papo hapo: "Huyu binti ana tamaa." Nikamweleza weee, wapi, yeye anamsikiliza mtafsiri. Mfalme alipotua Queens na msafara wake, siri ikafumuka, Lisa kaumia kwa kudanganywa. Bibi akanigeukia: "Sasa huyu analalamika nini, mjukuu wangu, si alijua tangu mwanzo?"

Asubuhi nikarudi kibandani. Kijana hakuniangalia hata usoni, macho kwenye simu. "Dada, muvi si imecheza mpaka mwisho?" Nikamwambia tafsiri ina kosa kubwa. "Basi kasome Kiingereza." Mbele ya wateja!

Sirudi pale, na nyie msiende.

Ila yule mtafsiri simnyimi haki yake. Wale wazee wa kwenye saluni ya kunyolea, ambao Murphy mwenyewe kacheza zaidi ya mmoja, kampa kila mzee sauti yake. Mmoja anaburuta maneno kabisa kama wazee wetu kwenye kijiwe cha kahawa. Bibi alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. Tangu babu afariki sijamwona akicheka vile.

Na jana kaniuliza kama yule mwenye sauti ana muvi nyingine. Anazo, niliziona pale ukutani. Nitamtuma mdogo wangu na flashi. Mimi yule kijana sitaki kumwona.